Mtoto Mgonjwa Anapoogopa

Somo: Marko 5:21-24 na 35-43

 

Leo tunazungumza juu ya mtoto mwenye kansa, na juu ya woga ulio ndani yake. Ugonjwa unakaa mwilini, na wanganga wanautafuta kwa kupima damu na kupiga picha. Woga unakaa moyoni, na mashine haiuoni. Anayeweza kuuona ni mtu aliyekaa karibu. Kanisa limeitwa kukaa karibu.

Wengi wetu tunadhani kansa ni ugonjwa wa wazee. Sivyo. Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tunaloita OMS, linahesabu kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000, tangu kuzaliwa hadi miaka 19, wanapata kansa duniani. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 kwa 100 wanapona. Katika nchi maskini, wanaopona hawafiki 30 kwa 100. Mungu hapendi watoto wa huko kuliko wa huku. Ni kwamba huku tunafika hospitali tumechelewa, dawa zinakosekana, na wengine wanaacha matunzo katikati ya njia. Mwaka 2018 OMS ilianza kazi ya kusaidia mataifa ili kufikia mwaka 2030 angalau watoto 60 kwa 100 wapone.

Kuna uvimbe wa taya au wa tumbo unaokua kwa siku chache tu, unaitwa Burkitt. Kuna kansa ya figo, ambapo mama anayeogesha mtoto anahisi kitu kigumu tumboni. Kuna kansa ya jicho, ambapo katikati ya jicho la mtoto panang'aa weupe. Kuna kansa ya damu, inayoleta homa zisizoisha, upungufu wa damu na kutoka damu bila sababu. Ukiona moja ya dalili hizi, usingoje. Mpeleke mtoto hospitali juma hilohilo.

Uvimbe huo wa Burkitt umepewa jina la munganga mpasuaji, Denis Burkitt, mtu aliyemcha Mungu, aliyefanya kazi Mulago kule Kampala. Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto wa Uganda waliovimba taya. Mwaka 1961 alipanda gari pamoja na wanganga wenzake wawili, wakashuka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali wapi ugonjwa huo unaonekana. Baadaye ikajulikana kwamba uvimbe huo unasikia dawa haraka, na watoto waliodhaniwa wamekwisha wakapona. Yeye alisali, na tena alisafiri, aliuliza, aliandika, alitibu. Maombi na kazi havikugombana ndani yake.

Lakini dawa hizo si za siku moja. Ni miezi, na kwa kansa ya damu ni miaka miwili au mitatu. Ni shindano nyingi, serumu, kutapika, nywele kuanguka, vidonda mdomoni. Wakati mwingine ni shindano ya mgongoni. Mtoto wa miaka sita anapita katika mambo ambayo baba yake hajawahi kupita. Je, tunashangaa kwamba anaogopa?

Sikilizeni mtoto anaogopa nini. Mdogo sana anaogopa kuachwa na mama yake, na anaogopa kila mtu aliyevaa koti jeupe. Aliye mkubwa kidogo anajiuliza: nimefanya nini? Anakumbuka siku aliyoiba sukari, au siku aliyompiga mdogo wake, anafikiri ndiyo sababu. Wa miaka kumi na zaidi anaogopa kufa, anaogopa kuchekwa kwa sababu ya kichwa kisicho na nywele, anaogopa kurudi nyuma katika masomo. Na tena anasikia wazazi usiku wakihesabu feza: shamba limeuzwa, mbuzi wameuzwa, deni la hospitali linabaki. Anajilaumu kwamba yeye ndiye anayemaliza nyumba.

Woga huo mara nyingi hauna maneno. Unatoka kwa njia nyingine. Mtoto hapati usingizi, anaota vibaya, anarudia kukojoa kitandani, anashika nguo ya mama hamwachi. Mwingine anaanza kutapika akiona tu mlango wa hospitali, kabla hajaguswa. Huyo haigizi, mwili wake umekumbuka. Mwingine anakuwa mkali, anatukana. Na mwingine anakuwa mtulivu kupita kiasi, halii, haulizi, tunamsifu kwamba ni jasiri, kumbe amejifunga ndani. Tujue pia kwamba dawa nyingine, kama predinisoloni, zinaweza zenyewe kumfanya mtoto awe na hasira na machozi bila sababu. Kwa hiyo usikimbilie kusema ameingiliwa na pepo. Mweleze munganga ulichoona.

Sasa tuingie katika Neno. Yairo alikuwa mkubwa wa sinagogi. Binti yake wa miaka 12 alikuwa mahututi. Alimwangukia Yesu miguuni, akamsihi sana. Tunaijua habari hii. Lakini leo tutazame mambo matano ambayo Yesu alifanya, maana yote yanahusu woga.

La kwanza: neno la kukataza woga aliambiwa baba.

Soma mstari wa 36. Wajumbe wamekuja na habari ya msiba. Yesu anageuka, anamwambia Yairo asiogope, aamini tu. Anayeambiwa ni nani? Ni baba. Yesu hakumwendea mtoto kitandani akamdai imani. Mzigo wa kuamini aliuweka kwenye bega la mtu mzima.

Wapendwa, hapa tunakosea sana. Tunasimama mbele ya mtoto wa miaka saba, tunamwambia: "Ukiamini utapona." Juma linapita, uvimbe unabaki. Mtoto anafikiri nini? Anafikiri: sijaamini vizuri, Yesu amenikasirikia. Tulikuja kumwondolea woga, tumemwongezea wa pili. Yule mwenye kupooza wa Marko sura ya 2 alibebwa na watu wanne, na Yesu aliangalia imani yao. Mtoto mgonjwa abebwe kwa imani yetu. Asitubebe sisi.

Na tena, kuogopa si dhambi. Petro, Yakobo na Yohana, walewale watatu walioingia chumbani kwa Yairo, waliitwa tena katika bustani ya Gethsemane. Huko walimwona Bwana wao mwenyewe akifadhaika na kuhuzunika sana. Kama Yesu aliyatamka mashaka ya moyo wake mbele ya rafiki, kwa nini tumfunge mtoto mdomo? Mzaburi naye, katika Zaburi ya 56, hasemi kwamba haogopi kamwe. Anasema siku anapoogopa anajua pa kukimbilia.

Baba, mama, wewe una haki ya kulia. Tafuta mtu wa kulia naye: mchungaji, dada katika kanisa, rafiki. Watoto wanasoma nyuso zetu kuliko tunavyosoma Biblia. Uso uliokwisha kumwaga machozi yake mbele za Mungu unarudi kitandani umepata pumziko, na mtoto anapumzika pamoja nao.

La pili: Yesu aliondoa kelele.

Mstari wa 38 hadi 40. Nyumba imejaa vilio na fujo. Walipomcheka, aliwatoa wote nje. Mahali pa mtoto pakawa kimya.

Kelele za leo ni zipi? Ya kwanza ni maneno. "Huyu hatapona." "Wa jirani alikufa hivihivi." Maneno hayo yanasemwa juu ya kitanda, kana kwamba mtoto amekuwa kiziwi. Ya pili ni maombi ya kupiga kelele juu ya kichwa cha mtoto asiyeelewa, mikono ishirini ikimsukuma. Mungu wetu si kiziwi. Ukiomba kwa sauti ya chini pembeni ya mtoto, atakusikia. Muulize mtoto kwanza: "Naweza kushika mkono wako nikuombee?" Nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kumgusa, maana dawa za kansa zinapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na maambukizo. Kama una kikohozi au mafua, omba ukiwa nyumbani kwako.

Kelele ya tatu ni mbaya kuliko zote: kutafuta nani ameroga, na hata kusema mtoto mwenyewe ni mchawi. Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu wa Yohana sura ya 9, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa ulizo lenyewe. Nchi yetu pia imekataa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu anayefanya hivyo. Mchungaji anayemwonyesha mtoto kidole mbele ya kusanyiko anavunja sheria ya inchi na anamhuzunisha Roho Mtakatifu. Mtoto huyo tayari anajiuliza amefanya nini. Mwambie wazi, na kurudia mara nyingi: "Si wewe uliyeleta ugonjwa huu. Si kosa lako. Si adhabu."

Wala mtoto anayetumia dawa hizi asifungishwe chakula. Na homa ikimpata, hata usiku, hata katikati ya kesha, aende hospitali mara moja. Homa kwa mtoto huyo ni jambo la saa, hailali hadi asubuhi. Watakaobaki kanisani wataendelea kuomba.

La tatu: Yesu aliwaacha baba na mama wabaki.

Aliwatoa wote, lakini wazazi aliingia nao. Mtoto alipofungua macho, alikuta nyuso anazozijua.

Mzazi asifukuzwe na aibu wala na uchovu. Wakati wa shindano, omba munganga akuruhusu kumpakata mtoto, akiwa ameketi, kifua chake juu ya kifua chako. Mtoto anayelazwa chini na kukandamizwa na watu wanne anakumbuka vita. Mtoto aliyepakatwa anakumbuka mama. Mwanamke Mshunami, katika 2 Wafalme sura ya 4, alimweka mwanawe magotini siku kichwa kilipomuuma. Magoti ya mama ni mahali pa Biblia.

Lakini mama naye ana watoto wengine nyumbani, ana mauzo sokoni, hajalala siku tatu. Hapa ndipo kanisa linaingia. Pangeni zamu. Mmoja alete chakula, mwingine abaki kitandani mama aende kuoga, mwingine awapikie wale waliobaki nyumbani. Wale wadogo nao wanaogopa: wanafikiri watapata kansa kwa kulala kitanda kimoja na ndugu yao. Kansa haiambukizwi kwa kulala pamoja wala kwa kula sahani moja. Waambieni. Na feza ya safari, tuikusanye kabla mzazi hajaja kuomba, maana wengi wanaacha matunzo kwa kukosa feza ya gari tu, na wanaona haya kusema.

La nne: Yesu alimshika mkono, akasema naye mwenyewe.

Hakusema juu yake. Alisema naye, kwa lugha ya nyumbani kwao, kwa maneno machache ambayo mtoto angeelewa.

Sisi tunaficha. Tunamdanganya kwamba tunaenda sokoni, kumbe tunaenda hospitali. Tunamwambia, "Haitauma," na shindano inauma. Siku ya pili hatuamini tena, na woga unakua. Sema kweli kwa maneno madogo: "Itauma kidogo, kama kuumwa na mdudu. Tutahesabu pamoja hadi kumi. Mimi sitaondoka." Mfundishe kupuliza pumzi polepole, kana kwamba anapuliza moto wa makaa. Mpe kitu kimoja cha kuchagua: mkono wa kuume au wa kushoto? Mwache achome shindano ya mchezo mwanasesere wake wa nguo. Mtoto asiye na la kuamua anaogopa zaidi. Na wewe uliye nyumbani na mtoto mzima, acha kumtisha kwa kusema, "Usipokula munganga atakuchoma." Unapanda mbegu ambayo utaivuna siku mtoto atakapougua kweli.

Mama mmoja msomi wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, alikaa hospitalini na watoto wenye kansa ya damu, wa miaka mitatu hadi tisa, akaandika kitabu mwaka 1978. Alichoona kinahuzunisha. Watoto waliokuwa wakielekea kufa walijua, ingawa hakuna aliyewaambia. Walijua kwa kusikia, kwa kuona wenzao wakiondoka, kwa kutazama macho ya mama. Na walinyamaza ili wasiwaumize wazazi. Wazazi wakanyamaza ili wasiwaumize watoto. Kila mmoja alibeba woga peke yake, kitanda kimoja, chumba kimoja.

Basi mtoto akiuliza, "Mama, nitakufa?" usimwambie anyamaze. Usimkemee kwamba anajilaani. Vuta pumzi, umuulize: "Nini kimekufanya uulize hivyo?" Labda jirani wa kitanda amehamishwa, na yeye anadhani amekufa. Labda anauliza kweli. Msikilize mpaka mwisho. Kisha mwambie unayoyajua: "Ugonjwa wako ni mkali. Wanganga wanafanya kazi kubwa. Tunaomba upone. Na lolote litakalokuja, hutakuwa peke yako. Mimi nipo, na Yesu yupo." Hayo ni kweli yote, na mtoto anaweza kuyalalia.

La tano: Yesu aliagiza apewe chakula.

Mwisho wa muujiza mkubwa namna ile, Bwana anafikiri juu ya sahani. Na tena anawakataza watu wasitangaze. Angalieni jambo hilo: mtoto hakufanywa tangazo.

Tusimpandishe mtoto madhabahuni kushuhudia kwamba kansa imekwisha wakati wanganga hawajamaliza matunzo. Watu watapiga makofi, naye nyumbani ataogopa kusema kwamba bado anaumwa, asije akamwaibisha mchungaji. Wengine wameacha dawa baada ya siku hiyo, na uvimbe ukarudi. Ushuhuda wa kweli hauogopi kungoja. Siku munganga atakaposema matunzo yamekwisha, tutacheza mbele za Bwana hadi vumbi lipande.

Kwa sasa, mpe mtoto maisha ya kawaida: uji anaoupenda, wimbo wa shule ya Jumapili, daftari, rafiki mmoja anayekuja kucheza. Mwalimu wa shule ya Jumapili amtembelee na somo lile ambalo wenzake wamejifunza. Mtoto anayefundishwa anaelewa kwamba watu wanamtazamia kesho.

Wandugu, nimalize na neno gumu. Kuna watoto ambao tuliwaombea wakapona, na kuna ambao tuliwaombea tukawazika. Binti Yairo mwenyewe, aliyefufuliwa, siku moja baadaye alikufa kama watu wote. Muujiza ule ulikuwa ishara ya ufufuo ambao hauna kaburi nyuma yake. Kwa hiyo mzazi aliyezika mtoto asiambiwe kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Aliyepakata, aliyesema kweli, aliyelinda usiku, alimfanyia mtoto wake yale ambayo Yesu alifanya katika chumba kile. Hakushindwa.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyeingia chumbani mwa mtoto na kufunga mlango nyuma ya kelele, ingia leo katika vyumba vya hospitali zetu. Wape wanganga hekima na dawa. Wape wazazi nguvu na mahali pa kulia. Sisi kanisa lako, tufunze kunyamaza, kunawa mikono, kubeba sufuria, na kukaa. Na mtoto anayeamka usiku huu kwa woga, akute mkono umeshika wake. Katika jina lako, Bwana. Amina.

Maulizo kwa ajili ya selula juma hili

1. Katika Marko 5, nani alitolewa nje na nani aliachwa ndani? Sisi tunapotembelea mgonjwa, tuko upande gani?
2. Ni familia gani karibu nasi ina mtoto anayeugua muda mrefu? Nani atalinda, nani atapika, nani atatoa feza ya safari?
3. Je, tumewahi kumdai mtoto imani ambayo ilikuwa kazi yetu? Tutamwambia nini leo?